Pauni ya Leicester mpaka Nsanje, Malawi: inapita mikono mingapi, na nani anaila?

Swali

Shikamoo kaka. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi mwaka 2023, kikundi chetu cha akina mama kilichanga pauni 640, tukazipeleka kwa shirika moja kubwa la hapa Uingereza. Ukame wa 2024 ulipoingia tukaombwa tena. Safari hii nikauliza: hela inamfikiaje mlengwa? Nikajibiwa kwamba shirika "linafanya kazi kupitia washirika". Kuchimba zaidi, kumbe mshirika naye ana mshirika wake, na kila mmoja anakata chake. Mume wangu anasema tumechezewa, tujaze kontena la nguo na unga tulipeleke wenyewe. Garaji imeshajaa mifuko, gari linalala nje. Nani anakula hizo hela? Na mume wangu ana haki au hana?

Jibu

Marahaba, dada. Nianze na garaji, maana hilo ni jepesi: gari lirudi ndani, nguo zisisafiri.

Msumbiji mitumba inaitwa *calamidades*, yaani majanga. Nguo za msaada ziliingia kule kwa wingi miaka ya 1980, wakati wa vita na ukame, zikaishia sokoni, na jina likaganda. Mpaka leo mtu wa Maputo anaweza kwenda gulioni kununua shati akakwambia anatafuta janga. Zambia wanasema salaula, kule kuchakurachakura kwenye rundo. Malawi ni kaunjika. Ukiona kila nchi ya ukanda mzima ina jina lake la mitumba, ujue kilichoadimika kule si nguo. Ni pesa ya kuzinunulia. Na yule anayeuza kaunjika pale Limbe naye ana watoto. Ukimwaga nguo za bure mbele ya meza yake umempa janga la pili.

Mimi nimeshughulikia mizigo ya misaada kwa miaka kadhaa, kwanza bandari ya Beira kule Msumbiji, halafu Blantyre, Malawi. Kuna kontena moja la futi 40 sitalisahau. Lilitumwa na watu wema wa ng'ambo, ambao hawakuwa na barua ya msamaha wa kodi, hawakuwa na wakala wa forodha, wala hawakuwa na mpokeaji aliyesajiliwa. Likakaa bandarini miezi minne, kila siku linahesabiwa pesa ya kukaa, mpaka deni likazidi thamani ya kilichomo. Tulipolifungua tulikuta makoti ya theluji, viatu vya visigino virefu na gauni moja la harusi. Zuri kwa kweli. Sijui liliishia kwa nani.

Unga nao una hesabu yake. Mtu wa Malawi anakula nsima ya mahindi meupe, kama ugali wa kwetu, na mahindi meupe hayapatikani kirahisi kwenye soko la dunia. Yanayojaa melini ni ya njano, chakula cha mifugo. Sasa angalia Mungu alivyopanga mvua: El Niño ile ya 2023 na 2024 iliyokausha Zambia, Malawi na Zimbabwe, mpaka zote tatu zikatangaza janga la taifa kati ya Februari na Aprili 2024, kwetu Afrika Mashariki ilileta mafuriko. Zambia ikaja kununua mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania. Mfuko wa unga ulionunuliwa Leicester, ukapakiwa, ukapanda meli, ukashuka, ukalipiwa lori, utamkuta mtu wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, ambaye angeweza kuletewa gunia kutoka Mbeya kupitia mpaka wa Kasumulu kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Tena chakula cha bure kina siasa zake. Mwaka 2002 ukanda ule ulipokumbwa na njaa, mahindi ya msaada kutoka Marekani yalikuwa na yale yaliyobadilishwa vinasaba. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia akayakataa kabisa, huku watu wake wakiwa na njaa. Zimbabwe, Malawi na Msumbiji walikubali ila wakataka yasagwe kwanza, mkulima asije akayapanda. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema hata gunia la bure linahitaji mtu anayejua linakwenda kwa nani na sheria gani inalingoja mpakani.

Haya, sasa mikono.

Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Barabara kuu ya N6 ikakatika, bonde la mto Buzi likawa bahari, na hesabu ya waliokufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi ilipita 1,000. Siku zile za kwanza aliyeokoa watu ni jirani mwenye mtumbwi. Halafu ikaja helikopta, na hapo ndipo hadithi ya ushirikiano inapoanza, kwa sababu shirika la kugawa blanketi halina helikopta na lisingepaswa kuwa nayo. Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ndio hubeba kazi ya usafiri kwa niaba ya wengine. Mwingine anabeba maji, mwingine mahema, mwingine dawa, na serikali ya nchi inakaa juu yao wote. Utaratibu huo wa kugawana sekta umekuwepo tangu 2005, na ulizaliwa baada ya watu kuchoka kuona mashirika matano yakigombania kambi moja yenye kamera huku kambi ya pili haina hata ndoo.

Nikupe mfano ninaoupenda. Tarehe 27 Machi kipindupindu kikathibitishwa Beira. Tarehe 3 Aprili, wiki moja baadaye, chanjo ya matone ilianza kutolewa, karibu dozi 900,000. Zilitoka kwenye akiba ya dunia inayogharamiwa na Gavi, ushirika wa kimataifa wa chanjo. WHO na UNICEF wakazifikisha, Wizara ya Afya ya Msumbiji ikaongoza, na Msalaba Mwekundu, Madaktari Wasio na Mipaka na Save the Children wakasaidia kwenye vituo. Waliougua walipita 6,000. Waliokufa walikuwa 8. Sasa mwambie shemeji yangu ahesabu mikono hapo, kisha achague wa kuukata.

Lakini najua swali lako linahusu mnyororo mwingine, ule wa hela. Hukunitajia shirika mlilolipa, na ni vizuri hukunitajia, kwa hiyo nitaeleza njia iliyozoeleka. Kwenu Uingereza majanga makubwa huchangishiwa na Kamati ya Dharura ya Majanga, DEC, iliyopo tangu 1963. Mashirika yanachangisha pamoja badala ya kusukumana kwenye televisheni, halafu kila moja linapata fungu lake kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa Idai peke yake zilipatikana zaidi ya pauni milioni 40. Fungu la shirika linakwenda kwenye ofisi yake ya Lilongwe. Ofisi ya Lilongwe inasaini mkataba na shirika la Kimalawi, pengine idara ya maendeleo ya kanisa, pengine chama cha wanawake cha wilaya. Hilo la Kimalawi linakwenda kwa kamati ya kijiji ya maafa. Mikono minne.

Wa kwanza anapokea, anatunza hesabu, anakaguliwa. Wa pili ana usajili nchini na anajua idara ya maafa ya serikali imemwelekeza nani wapi, ili wilaya ya Nsanje isipate mahema mara mbili na ile ya Phalombe ikakosa. Wa tatu ana pikipiki, anazungumza Chichewa na Chisena, na anajua kwamba mvua ikinyesha Makhanga, ng'ambo ya pili ya mto Shire, inageuka kisiwa, kama ilivyokuwa mafuriko ya 2015, kwa hiyo mzigo utangulie kabla ya Januari. Wa nne anaandika orodha. Ukimwondoa yeyote kati yao kazi haifi, lakini wanaobaki watalazimika kuifanya wakiwa hawaijui.

Kukata kunakuwepo, sikufichi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huruhusu asilimia 7 juu ya gharama za mradi kwa ajili ya kuendesha makao makuu, na wafadhili wengi hawaendi mbali na hapo. Ukiambiwa "tunakata asilimia 7 tu", hata hivyo, jua hiyo si hesabu yote. Gari la ofisi ya Lilongwe, mshahara wa meneja, posho ya semina, hoteli ya semina, hivyo vimeandikwa ndani ya mradi wenyewe kama gharama halali. Wala si wizi. Bila gari hakuna ugawaji. Ila nimekaa kwenye semina za siku tatu kuhusu namna ya kupunguza gharama, kwenye hoteli ya ufukweni, na wewe ni mtu mzima, sina haja ya kumalizia.

Kinachoniuma mimi ni jambo jingine. Yule wa tatu, mwenye pikipiki, ndiye anayetembea kwenye tope, ndiye anayetukanwa na waliokosa, ndiye anayebaki pale wageni wakishaondoka. Na mara nyingi ile asilimia 7 inakomea juu yake. Analipiwa mafuta na magunia, halipiwi kodi ya ofisi wala mhasibu baada ya mradi kwisha. Akishamfundisha mhasibu wake vizuri kuandika ripoti za wafadhili, shirika kubwa linamwajiri kwa mshahara ambao yeye hawezi hata kuuota. Mwaka ujao shirika hilohilo linaandika kwamba mshirika wake "ana udhaifu katika usimamizi wa fedha". Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura zingekwenda kwa mashirika ya nchi husika kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. 2020 ikaja ikapita, na robo yenyewe hawakuikaribia.

Matokeo yake tuliyaona Januari 2025. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, barua za kusimamisha kazi ziliteremka kwenye mnyororo kama domino, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, lenyewe lilikuwa limefungwa. WFP wakatangaza kufunga ofisi yao ya kanda ya Johannesburg. Shirika kubwa lilipunguza watu. Lile dogo la wilayani, ambalo halikuwahi kuruhusiwa kuweka akiba hata ya mwezi mmoja, lilifunga mlango likarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba.

Uliniuliza nani anakula. Kwa niliyoyaona mimi, hela za misaada huliwa mara chache benki na mara nyingi kwenye orodha. Risiti zote zinaweza kuwa safi mpaka London, magunia yote yamesainiwa, na bado mjane mwenye watoto sita hayumo kwa sababu jina lake halikuandikwa. Baada ya Idai, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza jinsi wanawake wa Msumbiji walivyodaiwa hela, na wasio na hela wakadaiwa miili yao, na viongozi wa mitaa ili waingizwe kwenye orodha ya chakula. Mkaguzi wa hesabu hawezi kuliona hilo. Kwenye karatasi gunia limefika. Kilichosaidia ni namba ya simu ya bure, 1458, waliyoiita Laini ya Kijani, mtu anapiga na kulalamika bila kupitia kwa kiongozi wake. Rahisi hivyo. Nayo ilihitaji watu wa kupokea simu kwa Kindau na Kisena, si kwa Kireno peke yake, na hao hupatikana kwa washirika wa pale pale.

Malawi orodha ina vituko vyake. Mradi unasema kaya 40 maskini kuliko zote. Kijiji kina kaya 150, na ukiwauliza, zote ni maskini kuliko zote. Basi mfumu, yaani mkuu wa kijiji, anakubali majina 40, mgeni anapiga picha, gari likiondoka magunia yanafunguliwa na kugawanywa kwa sahani. Mara ya kwanza nilipoliona nilitaka kuandika ripoti ya udanganyifu. Mzee mmoja akaniuliza: wewe ukiondoka, nani atanisaidia kuezeka, hawa 40 au wale 110 niliowanyima? Sikuandika. Mpaka leo sijaamua kama nilikosea.

Na si kila mkono lazima uwe wa dharura. Ushirikiano wa Uskoti na Malawi ni wa siku nyingi, tangu enzi za Livingstone, na una sura tofauti. Mary's Meals, wanaotoka Uskoti, walianza Malawi mwaka 2002 kwa kuwapikia uji watoto 200. Leo Malawi peke yake wanapita milioni moja. Uji ni likuni phala, mahindi na soya vya kule kule, na wanaoupika ni wazazi wa shule, kwa zamu, alfajiri, bila mshahara. Sina hisa nao. Ninawataja kwa sababu jambo lao ni moja, halibadiliki kila mwaka kufuata neno jipya la mfadhili, na mama anayekoroga sufuria anajua kama unga wa jana ulipungua. Unaweza kuuliza kwa nini uji wa mtoto wa Zomba utegemee sanduku la michango la Glasgow, na ni swali halali, lakini la kuiuliza serikali.

Sasa mkitaka kuchanga tena, na natumaini mtachanga, msiulize "mnakata asilimia ngapi". Watakupa namba nzuri. Uliza jina la shirika la mwisho kwenye mnyororo, lile la wilayani, na wamefanya nalo kazi tangu mwaka gani. Kama walikutana wiki baada ya kimbunga, hiyo ni ndoa ya mkeka. Uliza kama shirika hilo linapewa sehemu ya gharama za uendeshaji au linalipiwa mafuta tu. Halafu uliza walipokea malalamiko mangapi mwaka jana kutoka kwa wanufaika. Atakayekwambia "hakuna hata moja", funga pochi. Mahali ambapo watu maelfu wamegawiwa chakula na hakuna aliyelalamika, maana yake hakuna aliyepewa pa kulalamikia. Hesabu zao za kila mwaka utazikuta bure kwenye rejista ya Tume ya Mashirika ya Hisani ya hapo Uingereza; kama shirika ni la Uskoti, wana rejista yao.

Pesa pia si jibu la kila siku. Buzi ilipokuwa chini ya maji ungemtumia mtu mamilioni kwenye simu asingepata pa kununua hata chumvi. Soko likishafunguka ndipo hela inapokuwa bora kuliko gunia, kwa sababu mwenye shida anajua anachokosa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo shemeji yangu ana haki: anataka kitu kimfikie mtu mkononi. Njia ndiyo aliyokosea.

Kuna kitu kingine mnacho ambacho hakihitaji kontena. Kaskazini mwa Msumbiji, Cabo Delgado, watu wamekuwa wakihama makwao tangu mashambulizi yalipoanza Oktoba 2017. Miongoni mwao wamo Wamwani, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Wamakonde, ambao Kiswahili wamekivusha mto Ruvuma vizazi na vizazi. Matangazo ya misaada mengi yanaandikwa Kireno. Translators without Borders wanapokea watafsiri wa Kiswahili wa kujitolea, kazi inafanyika nyumbani kwenye kompyuta, na mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa lafudhi ya pwani.

Nguo za garaji ziuzeni hapo hapo, yale masoko ya Jumapili ya kuuzia kwenye buti za magari, mkachange mtakachopata. Na safari hii kila mama anayelipa kodi ajaze fomu ya Gift Aid kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu serikali ya Uingereza inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Zile 640 zenu zingekuwa 800. Muda wa kurudi nyuma ni miaka minne, kwa hiyo waulize shirika mapema kama za 2023 bado zinadaiwa, ila watataka kujua nani alitoa ngapi. Daftari la kikundi mnalo?